Mombasa kwa siku moja: mbona Mji wa Kale haufikii Mji Mkongwe wa Unguja?

#1 Mgosi wa Chumbageni

Wadau, salamu.

Nilitoka Tanga na basi la alfajiri, Horohoro tukagongewa pasi, Likoni tukavuka na feri, kabla ya saa tano nikawa mjini Mombasa. Treni yangu ya Nairobi ilikuwa ya usiku, kwa hiyo nikapata mchana mzima wa kuzurura.

Nikaingia Fort Jesus, nikashuka Ndia Kuu, nikauona Msikiti wa Mandhry, nikafika bandari ya zamani. Nikatoa simu nipige picha ya jahazi, askari akanifokea. Saa nane nimekaa mkahawani sina pa kwenda.

Sasa, mimi Unguja nimewahi kuishi. Mji Mkongwe unaweza kupotea humo kutwa na bado kila kichochoro kina jambo lake. Mombasa nayo ni ya zamani, ina ngome iliyo kwenye urithi wa dunia, ina bandari kubwa kuliko zote Afrika Mashariki. Lakini Mji wa Kale naona umelala. Milango ya nakshi ya kuhesabu, roshani zinaning'inia, maduka ya wageni nusu yamefungwa. Tatizo nini? Au nilipita njia siyo?

#2 Kamongo

Ngoja waje wenyewe. Nishakaa mkao wa kula.

#3 Bint Kibokoni

Ulipita njia siyo na saa siyo. Ndia Kuu ni njia ya wageni. Wapita saa saba, jua la utosi, watu wamekula wamejinyoosha, wataka uone nini?

Rudi baada ya alasiri. Ingia Kuze, katiza Kibokoni. Saa hizo karai zishatoka nje, viazi vinachovywa kwenye unga wa manjano vinaingia mafutani, na mwenye karai hana haja ya kuita mteja. Wazee wako barazani, muuza kahawa yuwapita na dele lake avigonga vikombe. Watoto wa chuo watoka na juzuu zao. Huo ndio Mji wa Kale. Nyumba za watu hizi, si maonyesho, na hakuna mtu aliyekaa akikungojea wewe na simu yako.

Na Mandhry "uliuona" vipi? Msikiti wa mwaka 1570 huo, mnara wake mweupe umechongoka hivi, haufanani na mnara mwingine mjini. Hukusimama hata kidogo.

#4 Mgosi wa Chumbageni

Dada usinipige mawe, nimekuja kuuliza. Nilisimama nje, muda wa sala ulikuwa umeingia.

#5 Nahodha Mstaafu

Mleta mada, jibu lako liko ndani ya swali lako. Hiyo bandari kubwa haiko Mji wa Kale, iko Kilindini, upande wa pili wa kisiwa.

Bandari ya zamani iko kwenye mkono wa bahari unaoelekea Tudor. Jahazi linaingia vizuri, linapata kinga, mizigo inashuka kwa mabega ya mahamali. Meli kubwa za moshi zilipokuja zikataka kina na nafasi ya kugeuka, na hivyo viko Kilindini. Waingereza walipoanza kutandika reli ya Uganda mwaka 1896 hawakuianzia Mji wa Kale. Vyuma na mataruma vilishushiwa Kilindini. Reli ikafika Kisumu 1901, na miaka michache baadaye makao ya serikali nayo yakahamishiwa Nairobi. Kwa hiyo ndani ya muda mfupi Mji wa Kale ulipoteza meli, ghala na ofisi. Matajiri wakahamia karibu na fedha.

Unguja haikupata pigo hilo. Mpaka leo boti ya Dar inakushusha mlangoni pa Mji Mkongwe.

#6 Mtoto wa Shangani

Nahodha, hapo kwenye bandari nakubaliana nawe nusu. Unguja ilipata pigo lake, tena kubwa zaidi, ila halikutoka baharini.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 wenye majumba wengi walikimbia au walinyang'anywa. Majumba yakawa ya serikali, wakatiwa humo watu kutoka mashamba na Pemba, chumba familia moja. Kuta za mawe na chokaa bila matengenezo zikaanza kuanguka zenyewe. Nimekulia humo, mvua ya masika tukilala roho mkononi. Kisha serikali ilipofungua milango ya biashara, majumba yakauzwa au kukodishwa kwa wenye mtaji, yakawa hoteli. Hizo hoteli zimewezekana kwa sababu wenyewe hawakuwepo.

Mombasa wenyewe wapo. Utamtoa nani ujenge hoteli?

Na jambo la pili: UNESCO kwetu waliuorodhesha mji mzima, mwaka 2000. Mombasa wameorodhesha ngome peke yake, 2011. Lamu nayo iliingia 2001 mji mzima. Fedha na macho ya watu yanafuata orodha.

#7 Kamongo

Mnaosifia orodha ya UNESCO, Beit el Ajaib, lile jumba la Mji Mkongwe, ilikuwa ndani ya orodha au nje? 😂

#8 Mtoto wa Shangani

Ilikuwa ndani, na siku ile ya tarehe 25 Disemba 2020 ilipoporomoka walikufa watu. Tafuta jingine la kuchekea.

#9 Kamongo

Haya, limeondolewa mezani.

#10 Mrithi Mmoja kati ya Wengi

Sababu mnaizunguka tu. Sababu ni mirathi.

Nyumba yetu iko Mji wa Kale, sitaji mtaa. Aliijenga babu wa babu. Leo warithi wako Mombasa, Dar, Jeddah, Uingereza, na wengine hatujui hata sura zao. Roshani ya mbao upande wa barabarani imeliwa na mchwa. Fundi anataka mbao nzuri na mkono wenye subira, yaani hela. Kila tukiitisha kikao, mmoja anasema tuuze, mmoja anasema hii ni amana ya wazee, wa tatu hashiki simu. Mwisho tunapiga bati pale palipovuja tunangoja masika mengine.

Halafu kuna nyumba za wakfu, hizo hata kuuzwa haziuziki. Msione ukuta umebomoka mkadhani watu hawana mapenzi na mji wao.

#11 Bint Kibokoni

#10 umesema ukweli mtupu. Na anayeamua kutengeneza naye ana kibarua: huu ni mji uliohifadhiwa kisheria, huwezi kung'oa roshani ukaweka dirisha la alumini bila ruhusa ya watu wa Makumbusho. Wengine hungoja usiku wakafanya yao.

#12 Dereva wa Zamani wa Pwani Kusini

Mimi nawapa sababu ya nne, ya ulaji. Nilikuwa naendesha basi la wageni wa hoteli za Diani. Mgeni wa Mombasa tangu zamani anakuja kwa ajili ya ufuo. Analala ufuoni, anakula ufuoni, kila kitu kishalipwa kwao Ulaya kabla hajapanda ndege. Mji anapelekwa nusu siku tu.

Ratiba ilikuwa ileile: kuvuka Likoni asubuhi, yale mapembe makubwa ya mfano wa ndovu ya Barabara ya Moi picha moja, Fort Jesus saa moja, Marikiti wakanuse bizari, wachongaji wa Kikamba Changamwe, kisha mbio kurudi kabla foleni ya feri haijakuwa ndefu. Hapo Mji wa Kale umepata nini? Walipita mdomoni tu, ngome na mwanzo wa Ndia Kuu. Msambazaji wa vinyago anayewapa madereva chochote ndiye aliyeamua basi lisimame wapi. Nilikula na mimi, sikatai.

Unguja mgeni analala mjini angalau usiku mmoja kabla ya kwenda Nungwi. Tofauti iko kwenye kitanda.

#13 Msee wa Eastleigh

Mimi nilipenda ngome. Vasco da Gama alijenga kitu solidi, kuta zile hata leo hazitikisiki.

#14 Nahodha Mstaafu

Vasco da Gama alipita Mombasa Aprili 1498, hakupapenda wala hakupendwa, akaendelea Malindi. Akafa 1524. Ngome ilianza kujengwa 1593, ikakamilika kiasi cha kutumika 1596. Angeijengaje?

Aliyeichora ni Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, akiwatumikia Wareno, na mfalme wa Ureno wakati huo alikuwa ni yuleyule wa Uhispania, Philip wa Pili.

#15 Msee wa Eastleigh

Mzee umenimaliza. Shukran.

#16 Mwalimu Zamu

Kwa faida ya mleta mada, ngome haitembelewi kwa saa moja ukatoka. Watu wengi wanapiga picha mizinga wanaondoka. Nawapa wanafunzi wangu kazi moja tu: tafuteni ule ukuta wenye michoro.

Ni lipu iliyobanduliwa kwenye buruji la San Mateus, ile kona ya ngome iliyochomoza, ikahifadhiwa. Wareno waliokuwa zamu karne ya 17 walichora kwa makaa na udongo mwekundu. Kuna meli zenye matanga, samaki, watu, makanisa. Ukisogea unaona mchoraji mmoja anajua kamba za meli zinafungwaje, kila moja iko mahali pake, na wa pembeni yake hajui kuchora kabisa, mtu wake ana kichwa kama embe. Unaona kabisa hao ni vijana waliochoka, wako mbali na kwao, joto limewazidi, hawana la kufanya.

Ukitoka hapo nenda kwenye mabaki ya ile meli, Santo António de Tanná. Ilikuja kuokoa ngome wakati wa kuzingirwa na Waomani, ikazama 1697 hapohapo chini ya kuta. Wapiga mbizi waliichimba kuanzia 1977, wakatoa vyungu, mbao, vyombo vya Kichina. Hiyo peke yake inakula saa nzima.

#17 Jabali la Muscat

Mwalimu, ahsante. Waeleze na kuzingirwa kwenyewe, kuanzia Machi 1696 hadi Disemba 1698. Karibu miaka mitatu. Sisi huku tunasimuliwa kwamba ngome iliangushwa na ushujaa wa watu wa Oman.

#18 Mwalimu Zamu

Ushujaa ulikuwepo, sikatai. Ila maradhi yaliua wengi kuliko panga. Walioingia ngomeni mwishoni walikuta Wareno wachache sana walio hai. Na tusisahau kwamba waliokuwa ndani si Wareno peke yao. Kulikuwa na Waswahili wengi, wanawake na watoto, na kuna kipindi waliobeba ulinzi wote ni watu wa Faza, kisiwani Pate, waliokuwa upande wa Mreno. Hiki kisa cha "Mwarabu na Mreno" kinatufuta sisi tuliokuwa katikati.

#19 Jabali la Muscat

Hapo sitabishana nawe. Ila njaa na maradhi vilikuwa vya pande zote, na aliyevumilia ndiye aliyeshinda. Hiyo nayo ni vita.

#20 Bint Kibokoni

Na Yusuf bin Hasan mwamuacha wapi? Wareno walimlea Goa, wakambatiza, wakamwita Dom Jerónimo, wakamrudisha awe mfalme wa kibaraka. Mwaka 1631 akawageuka, akaichukua ngome kwa kisu. Hiyo ni kabla ya Waomani kufika. Kila mtu aitoa Mombasa kwa mkono wa mgeni, sisi wenyewe twaonekana tulikuwa twauza mbaazi tu.

#21 Mwalimu Zamu

@Bint 👏🏾

#22 Mjukuu wa Askari

Babu yangu alifanya kazi Fort Jesus ilipokuwa jela. Waingereza waliifanya jela 1895 mpaka 1958, ikafunguliwa makumbusho 1960. Babu hakupenda kupita mbele yake hata akiwa mstaafu. Tukimwambia sasa wanalipisha watu kuingia, anasema wakati wake watu walitaka kulipa watoke.

#23 Kamongo

😂😂 Mzee huyo apewe kadi ya uanachama.

Swali langu: zile pembe za Barabara ya Moi zilijengwa kwa nini hasa? Niliambiwa ni kwa ajili ya Malkia Elizabeth, 1952.

#24 Dereva wa Zamani wa Pwani Kusini

Ndivyo tulivyokuwa tunawaambia wageni. Malkia alipita chini yake.

#25 Nahodha Mstaafu

Februari 1952 hakupita. Elizabeth alikuwa binti mfalme bado, yuko Sagana na Treetops, huko Nyeri. Baba yake akafariki tarehe 6 Februari, binti akarushwa kupitia Entebbe kurudi London siku hiyohiyo. Meli ya Gothic ilikuwa imetia nanga Mombasa inamsubiri aende nayo Ceylon na Australia. Haikumpata. Kwa hiyo kama pembe zilisimamishwa kwa ajili yake, basi mji ulimpambia mgeni asiyefika.

#26 Mtaa wa Pili

Mimi marehemu mama alisema zile za kwanza zilikuwa za muda tu, hizi za bati la alumini zikaja 1956 kwa ajili ya ndugu yake, Margaret. Huyo alifika kweli.

#27 Msee wa Eastleigh

Si ziko hivyo ndio zifanye M ya Mombasa? Tuliambiwa shuleni.

#28 Mtaa wa Pili

Zikionekana kwa pembeni hazifanyi herufi yoyote 😄 Simama katikati ya barabara ndiyo utaona M, na tuktuk nayo itakuona.

#29 Mgosi wa Chumbageni

Naona uzi umekuwa darasa, nashukuru. Kuna mtu anaweza kunijibu kuhusu picha bandari ya zamani? Yule askari alinikata stimu. Jahazi lilikuwa linashusha magunia, mandhari safi kabisa.

#30 Nahodha Mstaafu

Ni eneo la forodha. Vyombo vya Lamu, Unguja, Somalia vinaingia pale. Katazo la siku nyingi hilo.

#31 Bint Kibokoni

Wengine wasema ni usalama, wengine wasema ni mahamali wenyewe waliochoka kupigwa picha vifua wazi. Mimi nilikua naona ubao wa katazo tu. Ukitaka jahazi, shuka pale karibu na Leven House, ngazi zateremka mpaka majini. Umuone aliyekaa hapo, umuamkie kwanza.

#32 Mhamiaji Toronto

Mnanitesa. Mara ya mwisho nilipokwenda nilitembea na binti yangu aliyezaliwa huku. Ngome hakuijali. Tulipofika Mtaa wa Biashara hakutoka. Muuza leso anafungua doti moja baada ya nyingine juu ya meza, anasoma jina kwa sauti, anaangalia mteja usoni, anaamua kama limfae. Mama mmoja alikuja anatafuta leso ya kumpelekea wifi yake, akasema "si ya ugomvi, lakini aelewe". Muuzaji hakuuliza zaidi, akapanda ngazi akatoa iliyo juu kabisa. Binti yangu mpaka leo ananiuliza iliandikwa nini. Mama aliikunja haraka.

#33 Bint Kibokoni

Hilo ni jambo la kumaliza mchana kutwa, wallahi. Watalii walikosa.

#34 Mgosi wa Chumbageni

Sasa nipeni ratiba ya maana. Mwezi ujao napita tena, muda uleule.

#35 Dereva wa Zamani wa Pwani Kusini

Ukishuka feri, usikimbilie mjini. Weka begi kwa mtu unayemwamini au ofisi ya basi. Asubuhi mahamri na mbaazi popote palipo na watu wengi. Fort Jesus mapema kabla ya jua na mabasi. Mtembeza wageni ukimtaka, kubaliana naye bei mlangoni, usingoje mwisho. Adhuhuri Marikiti, pana kivuli. Kisha Biashara. Alasiri ndiyo uingie Kuze na Kibokoni kama alivyosema dada. Jioni panda tuktuk Mama Ngina, Lighthouse, ukaangalie meli zinaingia Kilindini zinapita karibu utadhani utazigusa.

Hapo ule muhogo wa kuchoma. Anautoa kwenye makaa, anaukwangua weusi, anaupasua katikati, anachukua nusu ndimu anaichovya kwenye pilipili ya unga na chumvi, anausugulia ndani mpaka muhogo unabadilika rangi. Ukimwambia pilipili kidogo anakuangalia kwa huruma.

Toka huko saa moja usiku usizidishe. Stesheni ya treni iko Miritini, nje ya kisiwa, na Changamwe magari husimama.

#36 Mtoto wa Shangani

Muhogo huo Forodhani kwetu Unguja upo pia.

#37 Bint Kibokoni

Upo, pamoja na bei ya wageni.

#38 Mtoto wa Shangani

Hapo umenipata.

#39 Mrithi Mmoja kati ya Wengi

Narudi kwenye swali. Mtoto wa Shangani, ungependa upi: mji uliojaa hoteli ambao mwenyeji hamudu kodi, au mji kama wetu wenye roshani mbovu lakini jirani bado ni yule wa utotoni? Nauliza kwa dhati, kwa sababu kuna mtu anataka kununua nyumba yetu aifanye hoteli ndogo, na nusu ya ukoo washakubali.

#40 Mtoto wa Shangani

Kaka, swali gumu. Shangani nilipozaliwa leo hakai mtu ninayemjua, mie mwenyewe nahamia nje ya mji. Lakini nyumba imesimama, imepakwa chokaa, mlango wake wa nakshi upo. Ingebaki kwetu ingekuwa kifusi. Sijui nikushauri nini. Mkiuza, andikeni sharti mlango usitoke.

#41 Nahodha Mstaafu

Sharti la mlango likiandikwa, nani atalisimamia baada ya mnunuzi naye kuuza? Nimeona nyumba Ndia Kuu fremu ipo, mbao zilikwenda zamani.

#42 Jabali la Muscat

Baadhi ya hiyo milango iko huku Ghuba, sebuleni kwa watu, imelazwa chini ya kioo imekuwa meza. Nimekula chakula juu ya mmoja.

#43 Mrithi Mmoja kati ya Wengi

Sasa nitalalaje.

#44 Mama Swafaa

Naingilia kidogo. Mgosi, huo mwezi ujao si Ramadhani? Ratiba ya #35 yote inapinduka. Mchana mikahawa ya Mji wa Kale imefungwa, hutapata hata chai, na ukila barabarani utaangaliwa. Lakini ukingoja futari ndio mji unaamka: kaimati, mkate wa sinia, sambusa, vyote nje mabarazani, watu watoka tarawehe watembea mpaka usiku mwingi. Mwombe wa treni akubadilishie, upande ya asubuhi yake.

#45 Mgosi wa Chumbageni

Treni nishaikata. Dirishani wanasema tiketi haibadilishwi siku ileile, siku nyingine wanakubali? Mwenye uzoefu anijuze.